Mwanafunzi mwenye mafua na safari ya sokwe Rubondo

Mwalimu wa Nyegezi

Salaam, ndugu zangu. Wiki ijayo ninawapeleka wanafunzi sita wa kidato cha tatu Kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria, kuingia msituni pamoja na askari wanaofuatilia sokwe. Mmoja wao, ambaye ndiye aliyeitamani safari hii kuliko wenzake wote, ameshikwa na mafua, ingawa hana homa. Je, akivaa barakoa anaweza kwenda?

Mwongoza wageni mstaafu

Mwalimu, nakusihi asiingie msituni. Kwa sokwe, mafua yetu si jambo dogo, kwa kuwa miili yao inafanana mno na yetu lakini haijazoea virusi vyetu. Mwaka 1966 polio iliwapooza sokwe wa hifadhi ya Gombe, hata watafiti wakalazimika kuwapa chanjo ndani ya ndizi, na mwaka 2006 hifadhi ya Mahale ilipoteza sokwe kwa maradhi ya njia ya hewa. Barakoa na umbali wa mita 10 ni kinga kwa mgeni anayejiona mzima. Aliye mgonjwa hubaki kambini. Hawa wa Rubondo wananitia wasiwasi zaidi, maana ni uzao wa sokwe walioletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969, na wamezungukwa na ziwa pande zote, kwa hiyo wakifa hakuna kundi jirani la kuziba pengo.

Mama Muganza

Shikamoo mwalimu. Kijana asikose safari. Siku ya msituni, mwombeeni azungushwe kwa boti kandokando ya mafunjo alfajiri, awatafute nzohe. Ni swala mwenye kwato ndefu zilizotanuka, zinazomwezesha kupita kwenye tope bila kuzama, na akishtuka hujitosa majini akabakiza pua tu. Daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea foleni ya kivuko, lakini wahini Kasenda, mnakopandia boti, mapema kabla upepo haujachafua ziwa. Nguo za buluu na nyeusi ziacheni nyumbani, kwa sababu mbung'o huzifuata.

Mwalimu wa Nyegezi

Marahaba, mama, nami nawashukuru nyote wawili. Nimezungumza naye jioni hii. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama nzohe huonekana wakiwa na watoto wao. Nimemkabidhi darubini ya shule na daftari. Sare yetu ni sweta la buluu, hivyo kesho nitawaarifu wazazi watafute nguo za kaki.