Bamama wameniomba niwafundishe judo hapa Goma, nianzie wapi?

Dada wa Katindo
Habari zenu bandugu na bayaya. Niko Goma, nafanya judo miaka tisa sasa, mukanda wangu ni wa kahawia. Mwezi uliopita bamama wa likirimba yetu (kikundi cha kuchanga franga pamoja) waliniomba niwafundishe kujikinga, juu wengi wanauzisha Birere na wanarudi nyumbani giza imeshaingia, mumoja walimunyang'anya mufuko wake na franga yote ya siku ilikuwa ndani. Nilikubali palepale, sasa njo naogopa. Wako kumi na bane, mudogo iko na miaka 19, mukubwa 52. Mimi sijafundishaka mutu mukubwa, nilikuwa namusaidia tu metre wetu (mwalimu wa judo) na batoto.

Shida ya kwanza ni pa chini. Wa Goma munajua, parsele (kiwanja) tuliyopewa iko mawe ya volkano tupu, ile nyeusi yenye inakula sandali, mutu akianguka pale anatoka damu. Tatami, ile mikeka ya judo, hatuwezi kununua. Kimono hawana, watakuja na bikwembe (vitenge). Tena kuna metre mumoja, si wa klabu yetu, aliniambia mbele ya batu eti judo si kazi ya wanamuke. Iliniuma mpaka leo. Na bamama wenyewe wanataka siku ya kwanza niwaonyeshe namna ya kumunyang'anya mutu kisu. Munisaidie, somo la kwanza nifundishe nini?

Mzee wa Tatami
Binti yangu, anza na kuanguka. Najua watasema hawakuja kujifunza kuanguka, wewe shikilia hapo. Mtu asiyejua kuanguka akisukumwa anatupa mkono nyuma, na kiwiko au kifundo cha mkono ndicho kinavunjika. Huyo mama wa miaka 52 anayebeba mzigo juu ya mawe yenu, ukemi, yaani kuanguka bila kuumia, itamfaa kila siku, hata kama hatakutana na mwizi maisha yake yote.

Walale kwanza chali, kidevu kifuani, macho yatazame fundo la mkanda, au la kikwembe. Mikono inapiga chini kwa kiganja na sehemu yote ya mbele ya mkono kwa pamoja, si mbali na mwili na si kubana kabisa, kama nyuzi 30 hadi 45 kutoka ubavuni. Kichwa kisiguse. Siku nyingine wachuchumae, warudi nyuma wakibingirika. Kusimama na kuanguka iache kwa wiki kadhaa, usikimbizwe na mtu.

Kuhusu pa chini, sisi hapa Kadutu, Bukavu, tulianza bila franga. Nenda kwa mafundi wa mbao uombe maranda, wengi wanayachoma tu. Jaza magunia, shona midomo, yapange yakibanana bila nafasi, halafu tandika shitingi (turubai) juu na uivute kwa kamba pande zote nne mpaka isikunjike, maana kidole cha mguu kikiingia kwenye mkunjo kinavunjika. Ukipiga ngumi ukasikia jiwe, ongeza maranda. Lakini kwanza ondoa mawe yaliyochongoka, mwaga udongo au mchanga chini, usiyaweke magunia moja kwa moja juu ya volkano. Na yasilowe, yakilowa yanaoza na kunuka.

Huyo metre mwambie hivi: Kano Jigoro aliyeanzisha judo mwaka 1882 alifundisha wanawake yeye mwenyewe, na Kodokan, shule yake ya judo, ikafungua sehemu yao mwaka 1926. Barcelona 1992 wanawake walipewa medali za Olimpiki za judo. Tena tusiende mbali, Yolande Mabika ni mtoto wa hapa Bukavu, vita ilimtenganisha na wazazi wake akiwa mdogo, judo akaijulia Kinshasa, na Rio 2016 alipigana katika timu ya wakimbizi. Sasa huyo tumwambie nini, kwamba si kazi yake?

Kisu usifundishe. Mimi nina miaka zaidi ya thelathini kwenye tatami na mtu akinitolea kisu nampa mfuko. Ukiwadanganya hapo, siku moja kuna atakayekuamini.

Mama Neema
Mzee amesema kweli yote, mimi naongeza kitu kimoja juu nilikikosea. Nilifundisha bamama karate na kujikinga miaka miwili. Siku moja nilitaka kuonyesha namna ya kutoka chini ya mutu, nikamulaza mama mumoja, nikaweka uzito wangu kifuani mwake bila kumuuliza. Hakusukuma, hakusema kitu. Macho yake yalikuwa juu kwa mabati, mikono imekuwa baridi kama maji, na mimi nilikuwa naendelea kuwaelezea wengine, "munaona, kiuno kinageuka hivi." Wiki iliyofuata hakurudi. Nilikuja kuelewa baadaye, na hakuna aliyenielezea.

Dada, huku kwetu usingoje mutu akuambie alipitia nini. Uliza kila mara, "nikushike?", na akisema hapana basi ni hapana, bila kuuliza sababu. Kabla ya yote wafundishe alama ya kupiga mara mbili, chini au kwa mwili wa mwenzake, na wewe ukipigiwa achia palepale, wakuone unaachia. Kumulalia mutu iache kabisa miezi ya kwanza. Mlango wasizibiwe, na vijana wa kuchungulia dirishani uwafukuze.

Sauti pia. Wangu walishindwa kusema ACHA kwa nguvu, walikuwa wanafunika mudomo na kucheka, ilichukua masomo matatu. Na maliza saa kumi na moja, usiwafundishe kujikinga kisha uwatume nyumbani gizani. Mwenye mimba umuulize kando, huyo asianguke.

Fundi Majengo
Kwa vesti za kushikia, amerikani mbili pamoja, kola ushone mistari mingi. Ya mutumba inapasuka siku ya kwanza. Lakini muwazoeze kukimbia na kikwembe pia, njo nguo wanavaa njiani.

Papa Shukuru
Na mabwana zao wamekubali?

Mama Neema
Papa, hiyo kila mama anajua nyumba yake. Dada asiende kubisha mlango wa mutu, akienda atamuletea mwenzake magomvi.

Dada wa Katindo
Narudi baada ya wiki mbili. Mzee, yaya, asanteni sana. Magunia tulijaza kumi na sita, bamama wenyewe walishona. Walikuja tisa. Nilipowaambia kisu haipo, mumoja alikasirika, lakini alibaki. Yule wa miaka 52 alirudi nyuma, shitingi ikalia PAA, tukakimbia tukifikiri ameumia, yeye iko chali pale na kidevu kifuani, anasema, "tena." Alifanya mara kumi na moja.

Jumamosi tunaanza kuanguka kwa upande. Mama Neema, nitakuandikia kwa inboksi, kuna mumoja hataki mutu asimame nyuma yake, na sijui nimupange wapi.