Spades: mikono ya mwenzi aliyeahidi sifuri inahesabiwaje?

Swali
Ndugu wachezaji, tunacheza Spades, mchezo wa Kimarekani wa watu 4 katika timu mbili, ambamo shupaza ndiyo turufu daima. Niliahidi mikono 4 (mkono ni mzunguko mmoja wa karata unaoliwa na mwenye karata kubwa), mwenzangu akaahidi sifuri, yaani kutokula mkono wowote. Mimi nilipata 3, naye akala 2, mmoja wao kwa jeki ya kopa ambayo hakuna aliyeweza kuipita. Wapinzani wanadai tukatwe pointi 140. Je, ni halali?

Jibu la kwanza
Wamekaribia. Kwa kanuni iliyoenea, mikono ya aliyeahidi sifuri haimsaidii mwenziwe kutimiza ahadi, hivyo mnakatwa 40 kwa ahadi yako na 100 kwa sifuri iliyovunjika. Hata hivyo, ile mikono 2 huhesabiwa kuwa ya ziada, pointi 1 kila mmoja, kwa hiyo jumla ni hasi 138. Msiifurahie ziada hiyo, kwani ikifika 10 timu hukatwa 100 nyingine.

Jibu la pili
Kwangu kanuni hiyo ni kali mno, kwa sababu inaadhibu kosa moja mara mbili. Zipo meza zinazohesabu mikono yote ya timu pamoja: mngekuwa na 5, mkapata 41, kisha mkakatwa 100, yaani hasi 59. Katika mchezo wa kufikia 500, tofauti ya pointi 79 ni kubwa, na inafaa ikubaliwe kabla karata hazijagawiwa.

Jibu la tatu
Naunga mkono kanuni kali. Inamlazimu mwenzi apime kwa makini kama atumie karata zake kubwa kumkinga aliyeahidi sifuri au azihifadhi kwa ahadi yake mwenyewe.