Wi-Fi haifiki chumba cha nyuma: kompyuta ya zamani na adapta ya USB zimenigomea

Mchomekaji: Wakuu, heshima kwenu. Nina kompyuta mpakato ya zamani yenye Linux. Kadi yake ya ndani inapokea Wi-Fi ya ruta, na adapta ya USB inairusha upya kwa hostapd, programu ya kugeuza kompyuta kuwa kituo cha Wi-Fi. Simu zinaunganika, zinapewa anwani ya 192.168.137, ila ukurasa haufunguki. Naona adapta ni dhaifu. Nimeshachagua nyingine ya antena mbili, nisaidieni kuithibitisha tu.

Fundi Waya: Achana na adapta. Vuta Cat5e, inafika mita 100. Mwisho wake weka ruta ya zamani: zima DHCP (ugawaji wa anwani), ipe anwani tofauti na ya ruta kuu, chomeka kebo tundu la LAN (la vifaa vya ndani), siyo WAN (la intaneti).

Mchomekaji: Kutoboa ukuta haiwezekani.

Kibatari: Kompyuta nzima kufanya kazi ya ruta! Hiyo ni kumfunga ng'ombe jembe apalilie mchicha. Ruta ndogo inakula wati 5 hadi 10 tu.

Bi Antena: Kompyuta iko wapi, na `iw dev wlan0 link` inasema signal (nguvu ya mawimbi) ngapi?

Mchomekaji: Inashika vizuri tu, dada.

Bi Antena: Nimeomba namba.

Mchomekaji: -84 dBm. Iko chumba hicho hicho cha nyuma. Lakini meza haihami, printa imechomekwa hapo, na adapta mpya nimeshaiagiza.

Bi Antena: Ndiyo hivyo, unarusha kwa nguvu kitu ambacho hujakipokea. Simu inaonyesha mistari yote kwa sababu inapima nguvu ya mawimbi ya kompyuta yako tu, haijui hali ya kompyuta na ruta. Kirudishi hukaa katikati, penye takriban -65 au namba iliyo karibu zaidi na sifuri.

Jicho Pembe: Wakuu, hii ni chai. 192.168.137 ni anwani ambayo Windows hutoa ikigawa intaneti. Hostapd haigawi anwani kabisa, kazi hiyo ni ya programu nyingine kama dnsmasq. Linux gani hiyo?

Kibatari: 😂 Leta vikombe.

Mchomekaji: Siyo chai! Kompyuta ina mifumo yote miwili. Namba hiyo niliiona upande wa Windows. Upande wa Linux simu hubaki "inatafuta anwani". Nilijaribu kuunganisha kadi ya ndani na adapta kwa daraja (bridge), ziwe mtandao mmoja, ikajibu "Operation not supported".

Jicho Pembe: Hapo sawa, kosa hilo halitungwi. Kadi inayopokea haiingii kwenye daraja bila 4addr (modi maalumu ya Wi-Fi), na ruta nyingi za nyumbani haziikubali. Tumia NAT, yaani simu zote zitoke kwa anwani moja ya kompyuta.

Bi Antena: Kama meza haihami, basi ihame adapta. Badilisha majukumu: adapta ipokee, kadi ya ndani irushe. Kwanza hakikisha `iw list` ina neno AP (uwezo wa kurusha Wi-Fi) kwenye modi za kadi ya ndani. Kebo ya kurefusha USB 2.0 isizidi mita 5, ipeleke adapta hadi mlangoni. Ruta ikiwa chaneli 1, rusha kwenye 11. Zikigongana chaneli moja zinagawana muda wa hewa. Kisha (wlan0 ni kadi ya ndani, wlan1 ni adapta):

`nmcli device set wlan0 managed no`
`ip addr add 192.168.50.1/24 dev wlan0`
`sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1`
`iptables -t nat -A POSTROUTING -o wlan1 -j MASQUERADE`

Dnsmasq igawe 192.168.50.10 hadi 100, kwenye wlan0 peke yake. Usirudie namba za mtandao wa ruta, pakiti zitapotea. Nywila ya WPA2 ianzie herufi 8.

Mchomekaji: Mlangoni inasoma -66. Kurasa zinafunguka! Ila adapta niliyoagiza bado ninaitaka.

Fundi Waya: Kebo bado ni bora.

Mchomekaji: Nikifunga kompyuta, mtandao unakufa.

Jicho Pembe: `/etc/systemd/logind.conf`, andika `HandleLidSwitch=ignore`, kisha washa kompyuta upya. Na zile amri za ip, sysctl na iptables hufutika ukizima, zitengenezee huduma ya systemd.