Mrejesho: Igizo shirikishi la watu wenye ulemavu

Niliwauliza namna ya kutumia sanaa ili watu wenye ulemavu wasiendelee kutengwa katika maamuzi ya jamii, nanyi mkanielekeza kwenye igizo shirikishi, mtindo uliokuzwa na Augusto Boal wa Brazili katika miaka ya 1970, ambapo mtazamaji husimamisha onyesho na kuingia jukwaani kubadili mwenendo wa mhusika. Limefaa kuliko michoro ya ukutani, kwa kuwa watu wenye ulemavu wenyewe ndio walioamua kisa kiwe kipi, nasi waratibu tukabaki wasikilizaji (jambo lisilo jepesi kwa waratibu). Viongozi walioalikwa walijaribu jukwaani kutatua tatizo la mlango usiopitika kwa kiti cha magurudumu, wakakwama hadharani. Mteremko umeshajengwa, nafasi ya watu wenye ulemavu katika kamati ya maamuzi bado tunaidai.