Mrejesho: mlango wa mninga uliokuwa ukikwama

Ndugu zangu, mwezi wa nne niliuliza hapa kwa nini mlango wangu wa mninga, uliotengenezwa Mbeya, ulikuwa unakwama kwenye fremu, ilhali mbao za mti wa mninga husifiwa kwa kutojikunja. Mlinishauri nipime unyevu kabla ya kumlaumu seremala, nami namshukuru aliyenifundisha njia ya mizani.

Nilikata kipande kutoka kwenye ubao uliobaki kwa fundi, nikakipima dukani kikawa na gramu 240. Baada ya kukikausha katika oveni hadi uzito ukaacha kupungua, kilibaki na gramu 200, yaani unyevu wa asilimia 20, wakati mbao za fanicha hutakiwa kuwa na takriban asilimia 12. Kumbe mninga haukuwa na kosa; ulirandwa ukiwa mbichi, ukajikunja ulipokuwa ukikauka.

Jambo la pili sikulitarajia. Ukingo mmoja wa mlango ulikuwa na mstari mweupe wenye vitundu vidogo vinavyomwaga unga laini, kwa sababu fundi aliacha sehemu ya nje ya gogo, ambayo wadudu huila, tofauti na kiini chekundu ambacho hata mchwa hukila kwa shida.

Ukingo huo umebadilishwa, na mlango sasa unafunga kwa kidole kimoja. Fremu ya nje, inayopigwa na mvua, nimeagiza ya mkongo, mti ulio mzito na mgumu kuliko mninga, ingawa fundi analalamika kwamba unammalizia makali ya misumeno yake.