Picha za nyumba ya kuuza Himbi, Goma: mawe yanatoka kijivu, sebule giza

Muulizaji (Himbi)
Jambo wapendwa. Familia inauza nyumba: vyumba vitatu, kuta za mawe ya volkano, tangi ya maji ya mvua, cash power yake (mita ya umeme wa kulipia kabla). Tunaitangaza Facebook na kwenye vikundi vya WhatsApp, maana wanunuzi wengi wako mbali. Mawe meusi yanatoka kijivu, mbingu nyeupe tupu, sebule ni giza huku madirisha yanawaka. Tuna simu tu. Tumlipe mpiga picha?

Komisioneri (dalali wa nyumba) wa Katindo
Simu inatosha, ndugu. Kamera ikikuta ukuta mweusi umejaa kwenye picha, inadhani kuna giza na kuongeza mwanga. Ndiyo maana jiwe linapauka na mawingu yanapotea. Gusa kioo cha simu penye ukuta, kisha shusha ile alama ya jua polepole mpaka weusi wa jiwe urudi.

Halafu saa. Hapa Goma tuko karibu na ikweta: kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa jua liko juu, na bati linaangusha kivuli kizito kwenye baraza. Nyumba inayotazama mashariki ipigwe kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Inayotazama magharibi, saa kumi hadi kumi na moja jioni. Wakati wa kiangazi vumbi hukaa kwenye mawe. Yamwagieni maji, ngojeni yaache kung'aa, ndipo mpige.

Ndani, fungueni mapazia na mzime taa zote. Balbu ya manjano ikichanganyika na mwanga wa dirisha, ukuta mmoja mweupe unatoka rangi mbili. Dirisha liwe ubavuni mwako, lisiwe mbele yako, na HDR iwashwe (ile inayosawazisha penye giza na penye mwanga). Simu ilale kwa upana, kimo cha kifua, isiinamishwe wala kuinuliwa, la sivyo kuta zitaonekana kama zinaanguka. Ile 0.5, lenzi pana ya simu, iacheni: chumba cha mita 3 kwa 3 kinakuwa ukumbi wa harusi, mteja akifika anaona amedanganywa na bei inashuka hapohapo. Tumieni 1, ile ya kawaida, mkirudi nyuma mpaka mgongo uguse mlango.

Mtangaza nyumba, Keshero
Naongeza juu ya nini cha kupiga. Picha 12 hivi zatosha. Ya kwanza iwe mbele ya nyumba, kwa sababu ndiyo mtu anayoiona akiwa anapitisha kidole. Bafu lipigwe bomba likitoa maji. Tangi ionekane pamoja na mifereji inayoijaza, na mita ya cash power msiisahau. Kisha simameni getini mpige avenyu pande zote mbili: aliye mbali anataka kujua kama gari inafika au inaishia kwenye mawe. Wauzaji wengi wanaificha hiyo, na ndiyo inayoulizwa mapema kuliko zote.

Sertifika ya paseli (hati ya kiwanja) msiiweke mtandaoni, namba zake zitanakiliwa. Aione mtu aliyekuja kutembelea. Na kama ukutani bado kuna yale maandishi ya «nyumba haiuzwi», pakeni rangi kwanza!

Muulizaji (Himbi)
Asante sana, yaya. Na mbona kwenye WhatsApp picha inafika na ukungu?

Komisioneri wa Katindo
WhatsApp inaibana, na kila anayeipiga screenshot na kuisambaza anaiharibu zaidi. Itume kama dokumenti kutoka simu iliyopiga. Ila dokumenti inabeba pia alama ya mahali, kwa hiyo zima lokalizasyo ya kamera kabla ya kupiga, kama hutaki watu wafike getini bila miadi. Namba yako iandike katikati ya picha kwa herufi hafifu. Ikiwa pembeni itakatwa, na kesho utakuta komisioneri mwingine anaiuza nyumba yenu kwa bei yake.

Mtangaza nyumba, Keshero
Lenzi nayo ifutwe kwa kitambaa laini. Mafuta ya vidole ndiyo yanayotandaza ule weupe kuzunguka madirisha, na hakuna programu inayouondoa vizuri.