Meditesheni ya kundi ya kupiga kelele na kuruka, nani kaijaribu hapa Tanga?

mama_wawili_tga:
Habari za jumapili wapendwa. Tangu tumzike baba nimekuwa mtu wa hasira sana, mtoto akimwaga uji tu napandisha sauti mpaka najiogopa mwenyewe, halafu usiku nikitaka kulia machozi yanagoma. Sasa kuna dada nafanya naye kazi kanialika kwenye kikundi chao, wanakutana alfajiri ufukweni kule Raskazone, anasema wanapumua kwa fujo, wanapiga makelele, wanaruka, halafu wanaganda kimya. Hii ni nini hasa jamani? Inasaidia au ndo kupandisha mashetani kwa jina la kizungu? Mume wangu kasema nisikanyage.

mkonge_og:
Pole kwa msiba dada. Kwa hayo maelezo hiyo ni Dynamic Meditation, kaianzisha Mhindi mmoja anaitwa Osho, zamani alijulikana kama Rajneesh, mwaka 1970. Ni saa nzima na macho unafumba au unafunga kitambaa. Dakika 10 unapumua kwa pua haraka bila mpangilio, unakazania kutoa pumzi. 10 zingine unaachia chochote kilichopo, kulia, kucheka, kutukana hewa. 10 unaruka mikono juu unasema "hoo! hoo!", kisha dakika 15 unaganda vilevile ulivyo, hata pua ikiwasha huikuni, unajitazama tu ndani. Mwisho dakika 15 za kucheza muziki. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wa siku hizi tumejaa mno, ukimwambia mtu akae kimya anaanza kuwaza marejesho ya kikoba, so kwanza atikisike ndo atulie. Tumbo liwe tupu.

Abuu_Ngamiani:
Yakhe mnaenda kwa Wahindi na zikri ipo hapa hapa, watu wanapumua pamoja wanayumba pamoja na moyo unatulia, nendeni maulidi ya Sheikh Ramia pale Bagamoyo mkajionee. Na huyo Osho msimsafishe, wafuasi wake 1984 kule Oregon Marekani walitia bakteria wa salmonela kwenye saladi za mikahawa, watu 751 wakaugua.

mkonge_og:
Ustadhi hilo la Oregon ni kweli kabisa silipingi. Ila mtu anaruka ufukweni halafu anaenda zake kazini, hajawa mfuasi wa mtu. Dada akiona wameanza kudai michango mikubwa au kumwambia ajitenge na ndugu zake, aondoke siku hiyo hiyo. Na zikri ni ibada, ina nia yake, tusivichanganye.

nesi_wa_zamu:
Mimi niongelee mwili. Ile pumzi ya haraka inapunguza kaboni dioksaidi kwenye damu, ndo maana kichwa kinazunguka, midomo inachonyota na vidole vinaweza kukaza vikajikunja, watu wakiona hivyo wanasema pepo kapanda. Hamna pepo, punguza kasi, pumua taratibu itaachia. Ila mwenye presha, moyo, kifafa, mjamzito au aliyewahi kuchanganyikiwa asijaribu. Mama, una kati ya hayo?

La pili, hii imani kwamba ukipiga mto basi hasira imetoka, hapana. Mtafiti wa Marekani Brad Bushman alipima hilo 2002, waliopiga begi la ngumi huku wanamfikiria aliyewaudhi waliishia na hasira zaidi kuliko waliokaa tu. Kwa hiyo kwenye hatua ya pili usimlete mtu kichwani uanze kumgombeza, utatoka umewaka zaidi. Mimi naona kazi ipo kwenye zile dakika za kuganda, pale ndo unajifunza kwamba hasira inapanda, unaiona, na inashuka bila wewe kumfokea mtu. Na kama usingizi na kula navyo vimeharibika muone daktari, msiba usiotoka una watu wake wa kuusaidia.

mama_wawili_tga:
Asanteni sana, presha sina na mimba sina. Nisipoenda ufukweni naweza kufanya nyumbani? Tumepanga Chumbageni vyumba vimebanana.

mkonge_og:
Ukipiga kelele alfajiri hapo wapangaji watatoka na marungu wakijua umeingiliwa na mwizi 😂 Ipo ya kimya, hatua ya pili unaitoa kwa mwili tu bila sauti na ile "hoo" unaipiga kwa ndani. Ila kwa anayeanza kundi ni bora, ukiona mama mtu mzima pembeni analia kwa sauti nawe aibu inapungua.

nesi_wa_zamu:
Na mzee mchukueni aje akae pembeni na chupa ya chai aone mwenyewe, akitaka aondoke na mkewe katikati ya zoezi.

mama_wawili_tga:
Nimemwambia sasa hivi. Anauliza kama kuna maegesho ya pikipiki.

Abuu_Ngamiani:
Basi kishakubali huyo.